Miwani ya Macho kwa Bei Unayoimudu

"Miwani ya macho ya bei nafuu nitaipata wapi?" Wanaouliza ni walimu, mafundi cherehani, madereva wa daladala, wanafunzi wa vyuo na wazee waliostaafu. Mara nyingi wanauliza wakiwa wameshaingia duka moja, wakatajiwa bei, wakaaga na kuondoka. Baadhi yao hawaendi duka la pili. Fundi anaendelea kutunga uzi kwa kubahatisha, au anamwita mtoto wa jirani amtungie. Bibi anampa mjukuu simu amsomee ujumbe wa M-Pesa, na hapohapo anamtajia namba ya siri. Mwanafunzi anakaa dawati la mbele na bado ananakili kutoka daftari la mwenzake.

Jibu langu la mkato ni hili: nunua mahali watakapokubali kukutajia bei ya vitu vitatu kimoja kimoja, yaani kupimwa, fremu na lenzi. Vikishafungwa pamoja kwa bei moja, huwezi kujua unalipia nini na unaweza kuacha nini. Aliyeshika karatasi ya vipimo vyake mkononi anaweza kuingia maduka matano akauliza bei. Asiyekuwa nayo amebaki na duka moja tu, lile lililompima. Sehemu kubwa ya sura hii inahusu karatasi hiyo: namna ya kuipata, kuisoma na kuitembeza.

## Jicho lako linataka nini?

Miwani hurekebisha kasoro nne za kuona. Ya kwanza ni kutoona mbali: kitabu unasoma vizuri, lakini kibao cha daladala hukioni mpaka gari limekufikia. Ya pili ni kutoona karibu, ambapo jicho linajitahidi kusoma mpaka kichwa kinauma. Ya tatu inaitwa astigimatizimu. Hapa sehemu ya mbele ya jicho, ile inayong'aa, ina mviringo wa yai badala ya mviringo wa mpira, kwa hiyo herufi zinakuwa na kivuli na taa za usiku zinatoa mistari.

Ya nne ni ya umri. Ndani ya jicho kuna lenzi laini inayobadili umbo ili tuone karibu na mbali. Miaka inavyosonga lenzi hiyo inakakamaa, na mtu aliyevuka 40 anajikuta anasogeza gazeti mbali na uso, kila mwaka mbali zaidi, mpaka mkono haufiki. Huu si ugonjwa, na hakuna anayeukwepa uzee huu wa jicho. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 826 walikuwa na tatizo hili bila kupata msaada wowote. Inauma kuisoma namba hiyo, kwa sababu katika kasoro zote nne hii ndiyo rahisi kuliko zote kuitibu.

Kabla ya kutoa hata shilingi, fanya jaribio hili nyumbani. Chukua kipande cha boksi, utoboe tundu dogo kwa ncha ya msumari, lisizidi kichwa cha pini. Ziba jicho moja. Tazama kwa jicho la pili maandishi ya mbali yanayokupa ukungu, kisha yatazame kupitia tundu. Yakikaa wazi zaidi, kuna uwezekano mkubwa kwamba miwani itakusaidia, kwa sababu tundu huzuia mwanga unaotawanyika, kazi ambayo miwani ingeifanya. Ukungu ukibaki vilevile, usikimbilie duka la miwani. Nenda hospitali, kwa sababu huenda tatizo liko ndani ya jicho. Rudia kwa jicho la pili, maana macho mawili ya mtu mmoja mara nyingi hayafanani.

## Miwani ya kusomea iliyo tayari

Kama unaona mbali bila shida na tatizo lako ni la umri tu, huenda huhitaji kutengenezewa chochote. Miwani ya kusomea iliyo tayari inauzwa kwenye maduka ya dawa, supamaketi, maduka ya vitabu, na kwa machinga wanaoitandaza pembeni ya kituo cha basi. Hii ndiyo miwani ya bei ya chini kuliko zote sokoni, na kwa mamilioni ya watu inatosha kabisa.

Kwenye lenzi au mkono wa fremu kuna namba kama +1.50 au +2.00. Hiyo ni diopta, kipimo cha nguvu ya lenzi. Watu wengi wa miaka ya 40 wanaanzia +1.00 hadi +1.50, wa miaka ya 50 wako karibu na +2.00, na waliovuka 60 wako karibu na +2.50. Usichague kwa umri pekee. Beba kitu cha kazi yako halisi, sindano na uzi, Biblia au Msahafu, kifungashio cha dawa, ukishike pale unapokishika siku zote. Chagua namba ndogo kuliko zote inayokuwezesha kusoma bila kukunja uso. Anayefanya kazi kwenye kompyuta anatazama mbali kidogo kuliko anayetunga sindano, hivyo anahitaji namba ndogo zaidi.

Namba iliyobandikwa inaweza kuwa si ya kweli, na kuikagua hakuhitaji mashine. Mchana, simama kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, umbali wa mita chache. Shika miwani karibu na ukuta, kisha uirudishe taratibu kuelekea dirishani. Itafika mahali mti wa nje na nondo za dirisha zitajichora ukutani kwa rangi zake, juu chini chini juu. Mti ukikaa wazi kabisa, pima kwa rula kutoka ukutani hadi kwenye lenzi. Gawanya 100 kwa sentimita ulizopata. Sentimita 50 ni +2.00. Sentimita 40 ni +2.50. Kagua lenzi ya kulia, halafu ya kushoto. Zikipishana wakati zimeandikwa namba moja, irudishe miwani hiyo mezani uchukue nyingine. Ukikuta lenzi haichori picha yoyote ukutani, hiyo ni ya kuonea mbali au ni kioo kitupu.

Watu wengi wanaogopa kwamba miwani ya barabarani "inaharibu macho". Kwa mtu mzima, namba isiyomfaa itampa maumivu ya kichwa na uchovu, lakini haimpofushi. Upungufu wake uko kwingine: lenzi mbili zina nguvu sawa hata kama macho yako hayako sawa, haina dawa ya astigimatizimu, na aliyekuuzia hajatazama ndani ya jicho lako. Hilo la mwisho ndilo zito, na nitalirudia hapa chini.

Rwanda ilionyesha kwamba miwani hii inaweza kutoka mikononi mwa machinga ikaingia kwenye mfumo wa afya. Kuanzia mwaka 2012, kwa ushirikiano wa serikali na shirika la Vision for a Nation, wauguzi zaidi ya 2,500 walifundishwa kwa siku chache kupima uwezo wa kuona, kutoa miwani ya kusomea na kuwapeleka hospitali wenye magonjwa. Kazi hiyo iliwekwa kwenye vituo vya afya nchi nzima, miwani ikiuzwa kwa karibu dola moja na nusu, na maskini zaidi wakipewa bure. Faida yake si ya kusoma magazeti tu. Huko Bangladesh, utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulifuatilia wafanyakazi wa vijijini, wakiwemo wachuma chai, wafumaji na washonaji, wenye umri wa miaka 35 hadi 65. Baada ya miezi 8, waliopewa miwani ya kusomea walikuwa wakipata kipato cha theluthi moja zaidi ya wenzao ambao walikuwa bado hawajapewa. Mimi sioni sababu ya zahanati za kwetu kukosa kasha moja la miwani kwenye kabati lilelile la dawa za malaria.

## Kupimwa: wapi, na namna gani

Kwa kasoro nyingine tatu, na kwa mtu yeyote aliyevuka 40 ambaye hajawahi kupimwa, kipimo kamili hakikwepeki. Mahali pa kuanzia ni kliniki ya macho ya hospitali ya umma ya wilaya au mkoa, au hospitali isiyofanya kazi kwa faida. Tanzania kuna CCBRT iliyoko Msasani, Dar es Salaam, na KCMC ya Moshi, ambayo pia ina chuo kinachofundisha wataalamu wa kupima macho. Zanzibar kuna Mnazi Mmoja. Kenya kuna kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu, Lions SightFirst ya Loresho jijini Nairobi, Sabatia kule Vihiga, na kituo cha macho cha Kwale kwa watu wa pwani. Uganda kuna Mengo ya Kampala na Ruharo ya Mbarara. Rwanda kuna Kabgayi. Foleni inaweza kuwa ndefu, lakini anayekupima hapo hajakaa pembeni ya kabati la fremu akisubiri uchague.

Maduka mengi ya mjini yanatangaza kupima bure. Wapo wataalamu wazuri sana madukani, na simkatazi mtu kwenda. Lakini gharama ya kupima bure imeingizwa kwenye fremu, na baadhi ya maduka hayapendi kukupa karatasi uondoke nayo. Kwa hiyo uliza kabla hujakaa kwenye kiti: "Nikimaliza kupimwa, nitapewa karatasi yangu hata nisiponunua hapa?" Wakisema hapana, au wakisema utailipia, utakuwa umejua mapema.

Kuna mashine ambayo unaegemeza kidevu, unatazama picha ya puto au nyumba mwisho wa barabara iliyonyooka, na baada ya sekunde chache inatoa kikaratasi chenye namba. Watu huita "kupimwa kwa kompyuta" na huiamini mno. Mashine hiyo inatoa makadirio ya kuanzia tu. Kinachofuata ndicho kipimo chenyewe: unavaa fremu nzito ya majaribio, mtaalamu anabadilisha vioo kimoja kimoja, na kila mara anakuuliza, "Hii ya kwanza au hii ya pili?" Kisha anapaswa kumulika ndani ya jicho, na kama umevuka 40, apime presha ya macho. Duka linalochukua namba za mashine na kwenda kukata lenzi moja kwa moja limekuuzia makadirio.

Sababu ya kusisitiza kumulikwa ndani ni glakoma, ugonjwa ambao watu huuita presha ya macho. Unaua mshipa wa fahamu wa jicho polepole, unaanza kula pembeni ya uwezo wa kuona, na mwenyewe hasikii maumivu mpaka umeshafika mbali. Kilichopotea hakirudi. Hakuna miwani ya bei yoyote inayousaidia.

Acha kutafuta miwani, nenda hospitali, ukiona mojawapo ya haya:

- jicho jekundu lenye maumivu, au mwanga unaokuumiza;
- kuona kulikopungua ghafla, ndani ya saa au siku chache;
- cheche za mwanga, madoa mengi mapya yanayoelea, au pazia jeusi upande mmoja;
- una kisukari na hujawahi kupimwa nyuma ya jicho;
- mzee ambaye ghafla anasoma bila miwani yake ya zamani. Familia hufurahi, lakini mara nyingi hiyo ni dalili ya mtoto wa jicho anayekomaa.

Kwa wasio na uwezo kabisa, ziko kambi za macho. Vilabu vya Lions na Bilal Muslim Mission ni miongoni mwa wanaoziandaa, na nyingi hufanyika karibu na Siku ya Macho Duniani, ambayo huwa Alhamisi ya pili ya Oktoba. Matangazo hupita misikitini, makanisani na kwenye redio za mikoa. Tahadhari moja: kama kambi inagawa miwani iliyotumika kutoka Ulaya au Marekani, kuwa na shaka. Miwani ya mtu mwingine ilikatwa kwa macho yake, na kuipata inayokufaa wewe ndani ya boksi ni bahati nasibu. Shirika la kimataifa la kuzuia upofu, IAPB, linashauri programu za macho zisitumie miwani ya namna hiyo.

## Kuisoma karatasi

Karatasi ya vipimo inatisha kwa sababu ya vifupisho, lakini ni vichache.

- OD au RE ni jicho la kulia. OS au LE ni la kushoto.
- SPH ni nguvu kuu ya lenzi. Alama ya kutoa (−) ni ya asiyeona mbali. Ya kujumlisha (+) ni ya asiyeona karibu. Namba hupanda kwa robo: 0.25, 0.50, 0.75.
- CYL ni kiasi cha astigimatizimu. Pakiwa wazi, huna.
- AXIS ni mwelekeo wa astigimatizimu hiyo, kuanzia 1 hadi 180. Kama una CYL, lazima uwe na AXIS.
- ADD ni nyongeza ya kusomea kwa waliovuka 40.
- PD ni umbali kati ya mboni mbili kwa milimita. Kwa watu wazima wengi ni kati ya 54 na 74.

PD mara nyingi haiandikwi, na bila hiyo karatasi haitembei vizuri. Omba iandikwe. Wakikataa, mtu akae mbele yako umbali wa mkono, aweke rula juu ya pua yako, wewe utazame mbali juu ya kichwa chake. Sifuri ikae katikati ya mboni ya kulia, asome namba iliyo katikati ya mboni ya kushoto. Rudieni mpaka mpate jibu moja mfululizo.

Ukishaielewa karatasi, kuna pesa utaokoa hapohapo. Tuseme imeandikwa −2.00 macho yote, ADD +2.00. Jumlisha: −2.00 na +2.00 ni sifuri. Maana yake mtu huyu, akitaka kusoma, anavua tu miwani yake. Hahitaji kununua lenzi ya gharama yenye sehemu mbili. Mwingine ameandikiwa 0.00, ADD +1.50. Huyo anahitaji miwani ya kusomea ya +1.50, ileile iliyo tayari dukani. Nimeona watu wa aina hizi mbili wakiuziwa lenzi za bei ya juu kuliko zote kwa sababu hakuna aliyewafanyia hesabu hiyo ya sekunde tatu.

## Bei inapanda wapi

Lenzi za kawaida za plastiki, zinazojulikana kwa wauzaji kama CR-39, zimekuwepo tangu miaka ya 1940 na kuzitengeneza si gharama kubwa tena. Sehemu kubwa ya lenzi za dunia hutoka mji mmoja wa China, Danyang, katika jimbo la Jiangsu. Bei ya kutisha haitokani na kuona. Inatokana na jina lililo kwenye fremu, na nyongeza zinazopakwa kwenye lenzi.

Majina mengi ya fremu yanayoonekana kushindana yako chini ya kampuni moja, EssilorLuxottica, iliyozaliwa mwaka 2018 baada ya Essilor ya Ufaransa kuungana na Luxottica ya Italia. Ray-Ban ni yao, Oakley ni yao, na fremu za majina ya mitindo kama Prada na Chanel wanazitengeneza kwa leseni. Anayependa jina na ana uwezo, alinunue kwa amani. Mwenye bajeti ndogo achague fremu isiyo na jina, yenye bawaba za chuma zenye skrubu zinazokazika, inayokaa puani bila kubana. Kwa fremu hiyo ataona sawasawa na kwa ile nyingine.

Kwenye nyongeza, haya ndiyo maoni yangu.

Lenzi za kuzuia mwanga wa bluu, zinazouzwa kama "miwani ya kompyuta", ziache. Mapitio ya majaribio 17 yaliyotolewa mwaka 2023 hayakuona kwamba zinapunguza uchovu wa macho wa muda mfupi kwa wanaokaa mbele ya kompyuta. Macho yanachoka kwa sababu tukitazama skrini hatupepesi vya kutosha. Pumzisha macho, tazama mbali, pepesa.

Lenzi zinazobadilika rangi juani ni nzuri kwa mkulima na kwa mwendesha bodaboda. Dereva wa gari anapoteza pesa, kwa kuwa zinabadilishwa na miale ambayo kioo cha mbele cha gari huizuia. Ndani ya gari hubaki karibu nyeupe. Mpako wa kupunguza mng'ao una maana kwa anayeendesha usiku. Lenzi nyembamba za gharama hazina kazi kwa mtu wa −1.50 au −2.00. Hata mwenye namba kubwa ya kutoa anaweza kuzikwepa kwa kuchagua fremu ndogo ya mviringo, kwa sababu lenzi ya namna hiyo hunenepa pembeni, na fremu ndogo hukata pembeni hapo.

Zile lenzi za kuona mbali, kati na karibu bila mstari ndizo zinazovunja bajeti za watu wa makamo. Ni nzuri, lakini zinahitaji vipimo makini na mazoea. Zenye dirisha dogo la kusomea chini ni nafuu zaidi. Miwani mbili, moja ya mbali na moja ya kusomea, mara nyingi ni nafuu kuliko zote, hasa kama ya kusomea ni ile iliyo tayari.

Kwa ufupi: lipia kipimo kamili na lenzi iliyokatwa sawasawa. Bana kwenye jina na mipako.

## Kuitembeza karatasi

Sasa unaingia madukani. Anza na duka la miwani lililo ndani ya hospitali ulikopimwa, kwa sababu hospitali nyingi zisizo za faida huuza kwa bei ya kujikimu. Kisha nenda mitaa yenye maduka mengi ya miwani, kama Posta na Kariakoo kwa Dar es Salaam. Maduka yakiwa jirani, bei hujadilika. Mazungumzo yenyewe yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba mwanangu. Nina karatasi yangu ya macho. Lenzi tupu za plastiki za kawaida, bila fremu, ni shilingi ngapi?"

"Mama, tuna ofa ya fremu na lenzi pamoja, na ukichukua za kompyuta tunakupunguzia."

"Ahsante, nimesikia. Nitajie kwanza lenzi tupu."

Anafungua daftari la bei, anataja.

"Na nikileta fremu yangu mwenyewe, mtanikatia?"

"Tunakata mama, ila ikivunjika ni juu yako."

Hapo mama huyu ameshapata majibu mawili ambayo hayakuwa ukutani. Fremu ya zamani iliyo imara inaweza kuwekewa lenzi mpya mara nyingi. Ya plastiki iliyokwisha kukauka na kupauka usiipeleke, itapasuka ikipashwa moto. Uliza pia kama bei ina kazi ya kukata ndani yake, miwani itakuwa tayari lini, na nini kitatokea kama hutaona vizuri. Lipa kianzio, usilipe yote.

Mwenye bima asitangulize kadi. Aulize kwanza bei ya taslimu, kisha aulize kikomo cha bima yake kwa miwani na kama fremu imo. Ukitanguliza kadi, bei utakayotajiwa inaweza kufanana sana na kikomo hicho.

Walio na ndugu ughaibuni wana njia nyingine. Nchini Marekani sheria inamlazimu anayepima kumpa mteja karatasi yake mara baada ya kipimo, bila malipo ya ziada na bila sharti la kununua kwake. Uingereza nayo ina sheria ya namna hiyo, na Scotland hupima macho ya wakazi wake bure tangu 2006. Yapo maduka ya mtandaoni kama Zenni Optical ya Marekani, ambayo kwa miaka mingi ilitangaza miwani kuanzia dola 6.95. Ndugu anaweza kukuagizia akitumia vipimo na PD yako, akaibeba akija likizo. Njia hii inafaa kwa namba rahisi. Kwa namba kubwa, kwa lenzi zisizo na mstari, na kwa watoto, nunua mahali unapoweza kurudi na kulalamika.

## Mtoto

Kwa mtoto, badilisha mpangilio wote wa kubana pesa. Jicho la mtoto linakaza lenyewe wakati wa kupimwa na kuidanganya mashine, likionekana halioni mbali kuliko hali halisi. Ndiyo maana mtoto hupimwa baada ya kuwekewa matone yanayolegeza jicho, na duka lisilo na matone si mahali pake. Jicho moja likiwa dhaifu na kuachwa bila miwani miaka ya mwanzo, ubongo huacha kulitumia, na kulirudisha ukubwani ni kazi ngumu sana. Usimpe miwani iliyo tayari. Omba lenzi za polikaboneti, plastiki ngumu isiyopasuka vipande, kwa sababu mtoto ataanguka, atapigwa mpira, atailalia miwani. Hapa lipia bila kusita, na umpe fremu aliyoichagua mwenyewe, maana ile aliyochaguliwa ataificha kwenye begi la shule.

## Siku ya kuchukua

Nenda mchana, na uende na karatasi. Mwambie fundi aiweke miwani kwenye lensomita, mashine ndogo ya kusoma nguvu ya lenzi, mbele yako, na ulinganishe namba na za karatasi, kulia na kushoto. Hii inachukua dakika moja, na duka lenye kazi safi halitakasirika. Vaa. Toka nje mlangoni, soma kibao cha ng'ambo ya barabara kwa jicho moja moja. Tazama ukingo wa mlango; usionekane umepinda. Inama, kisha uinuke, isiteleze. Ikibana nyuma ya sikio, ikunjwe hapohapo, kazi ambayo maduka mengi hayatozi.

Kama una astigimatizimu na ni mara yako ya kwanza, sakafu inaweza kuonekana imeinama kwa siku chache, na ngazi zikashtua. Shikilia reli, usiendeshe gari mpaka utulie. Wiki mbili zikipita na kichwa bado kinauma, rudi na karatasi ileile. Waombe wakague vitu viwili kabla ya kukupima upya: AXIS, na umbali wa katikati ya lenzi moja hadi nyingine ukilinganishwa na PD yako. Ikiwa kimojawapo hakilingani na karatasi, wakukatie lenzi nyingine kwa gharama yao.